Kadi za Krismasi Zinazochapwa Hjulsta

Treni namba 10 ya Stockholm huanzia Kungsträdgården, katikati ya jiji, na kuishia Hjulsta, pembezoni upande wa kaskazini-magharibi. Kutoka kituo kikuu cha T-Centralen ni safari ya kama dakika 20. Mwezi wa Desemba, mkazi anayefanya kazi mjini hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani, kwani jua huchomoza saa 2:40 asubuhi na kuzama kabla ya saa 9 alasiri. Ndiyo maana madirisha ya maghorofa hupambwa mapema: nyota za karatasi zenye taa ndani, na vinara vya umeme vya Majilio, ghorofa juu ya ghorofa.

Maghorofa ya Hjulsta na ya Tensta, mtaa unaopakana nayo, ni matunda ya Mpango wa Milioni, ambao Uswidi iliutumia kati ya 1965 na 1974 kujenga makazi milioni moja. Reli ilifika 1975. Mwaka huohuo msanii Helga Henschen alikipamba kituo cha Tensta kwa kazi aliyoitoa kama ua la waridi kwa wahamiaji, na ukutani kando ya reli akaweka neno la undugu kwa lugha 18. Alisoma vyema mahali anapochora. Leo katika mitaa hii mtu husikia Kisomali, Kiarabu, Kitigrinya na Kikurdi kabla hajafika dukani. Kiswahili nacho kimo Stockholm: kimekuja na Wakenya na Watanzania, na familia za Kongo ya mashariki zilizopokewa kupitia UNHCR, na watu wa Brava wenye Kiswahili chao cha pwani ya Somalia.

Ukienda dukani kutafuta kadi ya Krismasi, utakuta God Jul och Gott Nytt År. Utakuta kibabu mwenye kofia nyekundu, mbuzi wa nyasi kavu, farasi anayevuta gari la theluji. Ni kadi nzuri. Lakini shangazi aliyeko Bukavu anasubiri Noeli Njema, na bibi wa Moshi anasubiri Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, tena chini yake angependa kuona sura za wajukuu ambao hajawahi kuwashika. Kadi ya namna hiyo haipo rafuni. Inabidi itengenezwe mezani, kwa kompyuta ya nyumbani na printa ya wino, na anayeijua kazi hii atakwambia kwamba sehemu kubwa yake hufanywa kabla kompyuta haijawashwa.

Kadi ya Krismasi yenyewe haina umri mkubwa. Mwaka 1843, Henry Cole wa London, mtumishi wa serikali aliyekuwa amesaidia kuanzisha posta ya bei nafuu miaka mitatu kabla, aliona barua za sikukuu zimemzidi. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee karatasi moja yenye salamu tayari, ili yeye aongeze jina tu. Zilichapwa nakala 1,000, zikapakwa rangi kwa mkono, na zile ambazo Cole hakuzitumia zikauzwa kwa shilingi moja kila moja. Katikati palikuwa na familia ikiinua bilauri za mvinyo. Pembeni, watu wakiwalisha na kuwavisha maskini. Wapinga pombe walilalamika kwa sababu hata mtoto alionekana akinyweshwa mvinyo. Kwa hiyo tangu kadi ya kwanza picha ilikuwa na uzito kuliko maneno.

Waswidi waliipata picha yao kwa Jenny Nyström. Alizaliwa Kalmar 1854, akasoma kwenye chuo cha sanaa cha kifalme Stockholm kisha Paris, na kipaji chake kingemfikisha popote katika uchoraji wa rangi za mafuta. Mumewe, Daniel Stoopendaal, alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na mzigo wa kulisha nyumba ukamwangukia yeye. Akachora vitabu, magazeti na kadi, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 1881 shairi la Viktor Rydberg kuhusu tomte lilichapishwa likiwa na michoro yake. Tomte wa hadithi za zamani alikuwa kizimwi mdogo wa kijivu anayelinda zizi na ghala usiku. Mkononi mwa Nyström akapata ndevu nyeupe, kofia nyekundu na uso wa babu mwema, na baada ya muda ndiye akawa mleta zawadi wa nchi nzima. Mwanawe Curt aliifuata kazi ya mama yake. Nyström alifariki 1946, na kwa kuwa hakimiliki ya Uswidi hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii, tangu Januari 2017 michoro yake ni mali ya kila mtu. Familia ya Hjulsta inaweza kumchukua tomte wake, kumweka chini ya mwembe, na kumwandikia Kiswahili. Kazi ya Henschen ni habari nyingine: alifariki 2002, na bado inalindwa.

Mashine za kuchapia zilichelewa kuingia majumbani. Programu iliyofungua mlango huo ilikuwa The Print Shop, iliyotolewa Marekani na kampuni ya Broderbund mwaka 1984 na kubuniwa na David Balsam na Martin Kahn. Mtumiaji alichagua pambo la pembeni, picha ndogo na aina ya herufi, kisha printa ya nukta ikaanza kukereza karatasi mstari kwa mstari, kwa kelele ambayo waliokuwa ofisini miaka hiyo wanaikumbuka hadi leo. Kadi ilitoka nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Watu waliipenda kwa sababu jina la mpokeaji lilikuwa limechapwa juu yake, jambo ambalo kadi ya dukani haikuliweza. Mwaka 1988 HP wakaleta DeskJet, printa ya kurusha wino iliyotoshea mezani, na miaka michache baadaye rangi zikafuata.

Nchini Uswidi kuna tukio jingine ambalo historia za kompyuta hulipita haraka, nalo linastahili kukaliwa kidogo. Kuanzia tarehe 1 Januari 1998, sheria iliruhusu mwajiri kumpa mfanyakazi kompyuta ya kutumia nyumbani bila mfanyakazi huyo kutozwa kodi kwa manufaa hayo. Sharti lilikuwa kwamba mpango utolewe kwa karibu wafanyakazi wote wa kudumu wa mahali pale, siyo kwa mameneja peke yao. Hivyo dereva wa basi, mfanya usafi na muuguzi msaidizi waliweza kuipeleka kompyuta nyumbani na kuilipia kidogo kidogo kupitia mshahara. Msamaha huo uliondolewa kuanzia 2007, lakini kwa miaka tisa ulikuwa umeingiza mashine hizo sebuleni kwa watu ambao vinginevyo wasingeziona. Asiyekuwa na ajira ya kudumu hakufaidika, na katika mitaa yenye wahamiaji wapya wengi hilo liliuma. Kwa hao, maktaba za jiji, ile ya Tensta ikiwamo, zilikuwa na bado ni mahali pa kukaa mbele ya kompyuta na kuchapa karatasi chache.

Sasa kazi yenyewe.

Ianze na karatasi tupu, mkasi na penseli. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikikunjwa mara moja inakuwa kadi ya A5, inayoingia kwenye bahasha ya C5. Ikikunjwa mara mbili inakuwa A6, milimita 105 kwa 148, na bahasha yake ni C6, ile ndogo inayouzwa kila mahali. Njia ya tatu, ambayo wenye uzoefu huipendelea, ni kuikata A4 katikati na kukunja kila nusu mara moja: kadi mbili za A6 kutoka karatasi moja. Nunua bahasha kwanza, ndipo uchague ukubwa wa kadi. Wanaofanya kinyume hujikuta usiku wa mwisho na kadi 40 zisizoingia popote.

Kisha chukua karatasi mbovu, ikunje kama kadi itakavyokunjwa, na uandike kwa penseli namba ya kila ukurasa: 1 ni uso, 2 na 3 ni ndani, 4 ni mgongo. Ifungue uitandaze. Kwa kadi ya mkunjo mmoja utaona jambo linalowakanganya wengi: upande wa nje, uso wa kadi umekaa nusu ya kulia, na mgongo uko kushoto. Kwa kadi ya mikunjo miwili, ile ambayo The Print Shop iliieneza, kurasa zote nne ziko upande mmoja wa karatasi. Mgongo na uso viko chini, uso ukiwa kulia. Kurasa mbili za ndani ziko juu, kichwa chini miguu juu, na ujumbe wako umeangukia pembe ya juu kushoto, kimshazari na uso. Hakuna maelezo yanayoshinda kipande hicho cha karatasi chenye namba nne. Kiweke kando ya kompyuta mpaka kazi iishe.

Mkunjo wa mara mbili una faida moja kubwa: unachapwa upande mmoja tu, na karatasi ya kawaida ya gramu 80 au 100, ikishakuwa tabaka nne, inapata mwili wa kutosha kusimama juu ya kabati. Ni kadi ya mwenye printa ya bei ndogo na bajeti ndogo, na haina haja ya kuonewa haya. Anayetaka kadi ngumu atumie manila au karatasi ya gramu 160 hadi 250, aikunje mara moja tu, na kwanza asome kwenye kijitabu cha printa ni unene gani mashine inaweza kuumeza. Printa inayovuta karatasi kutoka trei ya chini na kuipindua huchukia karatasi ngumu. Ile yenye mdomo wa nyuma, ambako karatasi hupita karibu bila kupinda, huipokea vizuri zaidi.

Kuna siri ndani ya karatasi ambayo ni wachache wanaoifikiria. Nyuzi zake zimelala upande mmoja, na katika karatasi nyingi za A4 zimelala kwa urefu. Mkunjo unaofuata nyuzi huwa laini na umenyooka. Unaozikatiza huvunja uso wa karatasi na kuacha ufa mweupe kwenye wino. Ukiikunja A4 nzima kuwa A5, mkunjo unazikatiza nyuzi. Ukiikata A4 katikati na kukunja kila nusu kuwa A6, mkunjo unazifuata. Hii ndiyo sababu kadi ndogo za manila hutoka safi mikononi mwa mtu yuleyule aliyeharibu kadi kubwa. Hata hivyo, usikunje manila bila kuichora mfereji. Weka rula katikati, pita mara mbili na kalamu ya wino iliyokauka, kwa mkono mzito kiasi lakini bila kuchana, upande ule utakaokuwa nje ya kadi. Upande wa pili patainuka tuta jembamba. Hilo ndilo likae ndani ya mkunjo. Kisha bonyeza kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda kingo. Tofauti kati ya kadi iliyochorwa mfereji na isiyochorwa inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Baada ya hapo ndipo kompyuta iwashwe. Programu si tatizo tena. LibreOffice inatosha, na hailipiwi. Scribus, ambayo nayo ni ya bure, ilitengenezwa mahususi kwa kupanga kurasa za kuchapwa na humpa mtumiaji udhibiti wa milimita. Inkscape ni ya kuchora mistari na maumbo, GIMP ni ya picha. Canva, iliyoanzishwa Australia na kufunguliwa kwa umma 2013, ndiyo ambayo vijana huifungua kwanza kwa sababu ina violezo vingi tayari. Ubaya wake ni kwamba kiolezo kilichopendwa na wewe kimependwa na maelfu wengine, na msonobari wake wenye theluji hauna habari yoyote na Hjulsta wala na Bukavu.

Kwa mpangilio, Mswahili hana haja ya kwenda mbali. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote, mji wenye pambo kuu katikati, na jina, yaani maneno yaliyopangwa mstari mmoja chini ya mji. Ni mpango uliopimwa kwa zaidi ya karne moja, na unakaa kwenye kadi ya A6 kana kwamba ulibuniwa kwa ajili yake. Pindo hufunga picha, mji huvuta jicho, na jina husomwa mwisho. Muhimu ni kuacha nafasi. Pindo lisiguse ukingo wa karatasi, kwa sababu printa nyingi za nyumbani haziwezi kuchapa milimita chache za mwisho, na pindo lililokatwa upande mmoja huiharibu kadi nzima. Liweke ndani kwa milimita 8 au 10 na hutajuta.

Kwenye mji wa kadi kuwekwe nini? Hapa ndipo Hjulsta inapofaa. Ghorofa lenye madirisha ya nyota, likichorwa kwa mistari minyoofu tu, ni picha ya Krismasi ya kweli kuliko kijumba cha msituni ambacho familia haijawahi kukiona. Kanisa la Spånga, lenye sehemu za tangu karne ya 12, liko umbali wa kutembea na mnara wake unatambulika hata kwa kivuli. Mchoro wa mtoto, uliopigwa picha mchana karibu na dirisha, hushinda picha yoyote iliyopakuliwa, na usisahihishwe. Mtindo wa Tingatinga pia unavutia, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960: wanyama wa rangi kali, mistari ya wazi, nukta nyingi. Kuchora kwa kuufuata mtindo ni halali; kuchukua picha ya mchoraji aliye hai bila kumwomba ni kumnyang'anya riziki.

Picha iwe kubwa ya kutosha. Kwa uso wa A6, ukichapa kwa nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji pikseli 1,240 kwa 1,748. Simu ya leo hupiga picha kubwa kuliko hapo, lakini picha iliyopitia WhatsApp imeshabanwa njiani. Mwambie ndugu aliyeko Moshi akutumie kama faili, siyo kama picha, na sura ya bibi itabaki na mikunjo yake yote.

Rangi nazo zina tabia yake. Skrini hutoa mwanga. Wino hula mwanga. Buluu inayong'aa kwenye kompyuta hutoka karatasini ikiwa imefifia, na nyekundu huelekea udongo. Chapa kipande kidogo cha majaribio kabla ya kuamini macho yako. Zaidi ya yote, epuka anga la usiku linalojaza ukurasa mzima. Hunywa wino wa kadi kumi, hulowesha karatasi hadi ijipinde, na huacha michirizi pale kichwa cha printa kilipoziba. Kumbuka pia kwamba printa ya nyumbani haina wino mweupe. Theluji haichapwi, theluji ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Mchoraji anayelielewa hilo huchora ghorofa na miti kwa rangi mbili, huacha ardhi na paa bila kitu, na hupata baridi ya Stockholm kwa gharama ndogo kuliko zote. Anayechagua manila nyekundu au ya kahawia ajue kwamba nyota yake nyeupe itatoka nyekundu au kahawia.

Maneno yataka uangalifu wa aina nyingine. Kompyuta iliyowekwa Kiswidi huona karibu kila neno la Kiswahili kuwa kosa na kulipigia mstari mwekundu. Mstari hauchapwi, lakini marekebisho ya moja kwa moja ni hatari, kwa kuwa hubadilisha neno wakati mwandishi ameshaangalia pengine. Zima marekebisho hayo, na zima pia ukataji wa maneno mwisho wa mstari, kwani kompyuta itayakata kwa sheria za Kiswidi. Kisha soma kadi kwa sauti. Mwenzako naye aisome, maana jicho lililoandika huona lilichokusudia.

Jengo moja la Hjulsta linaweza kuhitaji maandishi ya namna tatu au nne. Jirani Mweritrea wa kanisa la Othodoksi husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, na kadi yake ya Kitigrinya inahitaji fonti yenye herufi za Ge'ez, kama Abyssinica SIL au Noto Sans Ethiopic, ambazo hupakuliwa bure. Wakristo wa Iraki na Shamu, ambao ni wengi hasa Södertälje kusini mwa jiji, husoma Kiarabu au Kisiriaki kutoka kulia kwenda kushoto, na kadi yao inapaswa kufunguka upande wao: mkunjo uwe kulia, na uso ukae nusu ya kushoto ya karatasi iliyotandazwa. Hiki ni kitu kidogo ambacho viwanda hukisahau na ambacho mpokeaji hukiona mara moja. Na kwa familia ya Kiislamu, faili lilelile, likiwa na mji mwingine na jina jingine, ni kadi ya Idi.

Siku ya kuchapa ikifika, chapa moja kwanza. Kwa kadi inayochapwa pande mbili na kulala kwa upana, chagua kugeuza kwa ukingo mfupi. Ukichagua mrefu, ndani ya kadi itakuja kichwa chini. Kama printa haigeuzi yenyewe, tia alama ya penseli kwenye pembe ya karatasi ili ujue inaingia na kutoka ikitazama wapi. Wino upewe muda wa kukauka kabla ya upande wa pili, hasa palipo na rangi nyingi, na usipange kadi moja juu ya nyingine zikiwa bado mbichi. Kama ni 60, chapa kwa mafungu madogo. Trei iliyojaa manila huvuta karatasi mbili kwa pamoja.

Halafu chukua kalamu. Jina la mpokeaji na mistari miwili ya mwisho iandikwe kwa mkono, hata kama mwandiko ni mbaya, na mwandishi wa maelezo haya hatarudi nyuma katika hilo. Kompyuta imeshafanya sehemu yake. Bibi ataitambua kalamu ya mwanawe.

Posta ya Uswidi, PostNord, hutoa stempu za Krismasi kila mwaka na kutangaza tarehe za mwisho za kutuma, za ndani ya nchi zikiwa katikati ya Desemba na za nje ya Ulaya mapema zaidi. Kadi ya Afrika Mashariki iondoke Novemba, ikiwa na namba ya sanduku la posta iliyoandikwa wazi. Mambo ya posta yanabadilika haraka: upande wa pili wa mlangobahari, PostNord waliacha kabisa kusambaza barua Denmaki mwishoni mwa 2025, na kazi hiyo ikashikwa na kampuni ya DAO.

Kwa ndugu walioko mahali ambapo barua haifiki kwa uhakika, na Kongo ya mashariki ni mojawapo, kuna njia ambayo Henry Cole asingeiota. Hifadhi kadi kama PDF yenye fonti zake ndani, itume kwa simu, na mtu wa upande ule aipeleke inakochapwa. Kariakoo ataipeleka steshenari, Nairobi ataipeleka saiba, Goma na Bukavu kuna vibanda vya kuchapa na kutoa kopi. Nairobi wana mazoea ya kazi hii: vibanda vyake vimechapa na kuuza kadi za kuwatakia watahiniwa wa KCSE mafanikio kwa miaka mingi, na manila ya kila rangi ipo. Gharama ya kuchapa karatasi moja ni ndogo kuliko stempu ya kimataifa. Shangazi ataishika kadi mkononi, imekunjwa vizuri, siku tatu kabla ya sikukuu.

Tuma pamoja na faili picha ya ile karatasi yenye namba nne, ili anayekunja ajue pa kuanzia, na umwombe achape kwa ukubwa halisi bila kupunguza wala kuongeza. A4 ni A4 Stockholm, Goma na Zanzibar. Marekani siyo hivyo: karatasi yao ya kawaida ina milimita 216 kwa 279, fupi na pana kidogo. Mpwa wa Minneapolis akichapa faili la Hjulsta kama lilivyo, pindo litakatwa juu na chini. Akiacha mashine ilibane, litapungua na kadi itacheza ndani ya bahasha. Mtengenezee faili lake peke yake, kwa vipimo vyake. Ni kazi ya robo saa, kwa sababu mji na jina vimeshakuwa tayari.